Mkazo Una Mahali Pake

Mtu akitajiwa viatu vya kuteleza kwenye barafu, hofu yake ya kwanza huwa ni kuanguka. Hufikiria magoti, kiuno, hata meno. Vidole vya mikono havimjii akilini. Lakini mzazi anayewapeleka watoto kuteleza kila juma anajua kwamba mguu haujagusa barafu, mkono umekwisha kuumia. Kinachouumiza ni kamba za viatu.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Bujumbura. Nilipata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika mji wa Ottawa, nchini Kanada, kuanzia Januari hadi Aprili, nikakaa kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyehamia huko na mumewe. Wana watoto wawili: mvulana wa miaka 15 na msichana wa miaka 9. Najua kamba za viatu ni somo dogo kwa insha, tena viatu ambavyo wasomaji wengi hawatavivaa. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni jambo nililojifunza kwa mikono yangu, na ninaweza kulieleza bila kubahatisha. Pili, katika nyumba ya shangazi halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Kwanza msomaji auone mji wenyewe. Ottawa ni mji mkuu wa Kanada, na katikati yake unapita Mfereji wa Rideau, uliojengwa kati ya mwaka 1826 na 1832. Kiangazi mashua hupita humo. Majira ya baridi maji huganda, na tangu majira ya baridi ya 1970 na 1971 sehemu ya mfereji huo, urefu wa kilomita 7.8, hutunzwa na kufunguliwa kwa watu kuteleza. Barafu nzuri inatakiwa iwe na unene wa sentimita 30 hivi kabla watu hawajaruhusiwa. Katika majira ya baridi yaliyoishia mwaka 2023 haikufika hapo, na mfereji haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mwanzo. Mwaka wangu ulifunguliwa. Niliwaona watu wakienda kazini juu ya barafu wakiwa na mikoba mgongoni, wazee wawili wawili wameshikana mikono, na kina mama wanasukuma watoto kwenye visleji. Kuteleza huko si michezo ya matajiri tu. Ni njia ya kuwa mtu wa mji.

Ndiyo maana shule hufundisha. Darasa la binamu yangu lilikwenda mara moja kwa juma kwenye uwanja wa barafu wa ndani, saa nzima. Watoto zaidi ya 20, mwalimu mmoja, na kila mtoto ana viatu viwili vinavyotakiwa kufungwa na mtu mzima, kwa kuwa mkono wa mtoto wa miaka 9 hauna nguvu ya kutosha. Mwalimu huwaomba wazazi waje kusaidia. Wanakuja wanne au watano. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu, siku ambazo zamu yake ya kazi ilimruhusu.

Shangazi anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawavisha, anawalisha. Baada ya kila mzee ananawa, kisha anapaka dawa ya kuua vijidudu. Kwa siku moja ananawa mara nyingi kuliko mpishi. Hewa ya majira ya baridi ni kavu, na ndani ya nyumba joto la mitambo huikausha zaidi. Ngozi ya ncha za vidole vyake ilikuwa imepasuka mipasuko midogo, myembamba kama uzi, lakini yenye kina. Akifunga viatu vya watoto watano, mipasuko ile inafunguka na kutoa damu. Kesho yake anavaa glavu za kazini juu ya vidonda, na dawa ile ya kunawia inachoma kama pilipili. Juma la tatu la Januari aliniambia jikoni, huku akijipaka mafuta: “Mwanangu, mikono hii ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Siwezi kuimaliza kwenye viatu.”

Binamu yangu alisikia. Hakulia wala hakubishana. Alisema tu kwamba mama yake asipokuja, yeye atafungiwa viatu na mama wa mtu mwingine, na kwamba wenzake wamezoea kumwona mama yake pale na kitenge chake juu ya koti. Halafu akaongeza, kwa Kiswahili chake cha nusu nusu: “Mama akikuja, na mimi ninakuwa wa pale.” Shangazi alinyamaza. Siku ya Alhamisi iliyofuata sikuwa na masomo, nikaenda mimi badala yake.

Sasa nieleze kiatu chenyewe. Juu ni buti gumu, limetengenezwa kwa ngozi au kwa vitu vya viwandani, linalopanda juu ya kifundo cha mguu. Chini lina bapa la chuma. Ugumu wake una sababu: mtu anasimama juu ya chuma chembamba, na buti likilegea, kifundo kinainama upande na mtelezaji hawezi kusimama sawasawa. Kwa hiyo ni lazima kamba zikazwe kuliko za kiatu cha kawaida. Viatu vya hoki vina matundu kutoka chini mpaka juu. Viatu vya kuchezea kwa madaha vina matundu sehemu ya chini, na vindoano sehemu ya juu ambavyo kamba huzungushwa. Kiatu cha mtoto kinaweza kuwa na jozi 7 au 8 za matundu. Viatu viwili, watoto watano: tayari umevuta kamba mara 70 au 80, na hujavua hata kimoja.

Kamba nazo si laini. Nyingine zimepakwa nta ili zisiteleze zikishakazwa. Nta hiyo inashika vizuri tunduni, lakini inashika pia ngozi ya mkono. Zisizo na nta ni laini zaidi, ila hulegea upesi, na mtu hulazimika kuvuta mara mbili. Kamba iliyochakaa ina nyuzinyuzi zinazokwaruza, na ikiwa iliachwa na maji tangu juma lililopita, huwa ngumu kama waya. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kwenye buti la barafu ni afadhali kununua mpya.

Kwa hiyo maumivu ya vidole yana vyanzo vitatu, na ni vizuri kuvitenganisha kwa sababu kila kimoja kina dawa yake. Cha kwanza ni baridi: mishipa midogo ya damu hujibana, vidole vinakufa ganzi, na mtu anavuta kwa nguvu asiyoipima kwa kuwa hahisi. Cha pili ni ngozi kavu, ambayo haivutiki, inapasuka. Cha tatu, ambacho ndicho kikubwa, ni namna ya kushika na mahali pa kuvuta. Wazazi niliowaona siku ile walizungusha ncha za kamba kwenye vidole viwili vya kila mkono, wakavuta juu kwa nguvu zao zote. Kamba nzima inatakiwa ikazwe kutoka mwisho wake, na nguvu yote inapita katika mstari mwembamba juu ya kidole kimoja. Hapo ndipo ngozi inapokatika.

Jioni ile shangazi alipiga simu kwa babu, kama afanyavyo kila juma. Babu anaishi Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na ujana wake wote aliumaliza ziwani, akivua ndagala na mikeke usiku kwa taa. Baada ya salamu na maswali ya afya, shangazi alimsimulia habari za viatu na vidole. Babu alicheka kwanza, maana watu kulipia kusimama juu ya maji yaliyoganda kulimshangaza. Kisha akauliza swali moja: “Mnaishikaje kamba?” Shangazi akamweleza. Babu akasema: “Kamba haitatizwi kidoleni. Wavu ukivutwa na mzigo, kidole kinakwenda nao. Kamba inalala kiganjani, na anayevuta ni mgongo. Mvuvi anayevuta kwa vidole atavua mwaka mmoja tu.”

Neno hilo alilolitumia, kutatiza, lilinishika. Darasani tulizoea kusema tatizo na matatizo kila saa, bila kukumbuka kwamba kutatiza ni kuzungusha kamba au uzi kwenye kitu mpaka uwe na mizingo. Kitu kilichozongwa hivyo kina utata, na anayezifungua zile nyuzi anatatua. Shangazi, ambaye hajasoma isimu, alitazama vidole vyake na kusema polepole: “Kumbe tatizo ni kutatiza.” Tulicheka wote watatu, yeye, mimi na babu kule ng’ambo ya simu. Lakini lilikuwa jibu kamili kwa theluthi ya shida yetu.

Theluthi nyingine nilifundishwa na mzee mmoja pale uwanjani, Mkanada, babu wa mtoto fulani. Yeye hakutumia vidole kabisa. Alikuwa na kikulabu cha chuma chenye mpini wa kushika kwa kiganja, kitu cha bei ndogo kinachouzwa katika maduka ya michezo. Alikiingiza chini ya kamba mahali inapopishana, akavuta, akahamia mpishano unaofuata. Hakuigusa ile ncha ndefu mpaka mwisho. Nilimwomba anionyeshe tena, naye akaonyesha mara tatu, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni kusalimia. Mwisho aliniazima kikulabu chake, na juma lililofuata nilinunua viwili.

Nikiunganisha mambo ya wazee hao wawili na yale niliyoyaona kwa macho, utaratibu tuliokuja kuufuata nyumbani ni huu.

Kwanza, kabla ya kutenda, tendua. Mwanafunzi wa Kiswahili anaijua kauli ya kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, tata, tatua. Legeza kamba zote mpaka karibu na vidole vya mguu, uvute ulimi wa kiatu mbele, mguu uingie bila kusukumwa. Anayemwingizia mtoto mguu kwenye buti lililobana humlazimu kupigana na kiatu mara mbili, na kamba hazikai sawa tena. Mguu ukiingia, mtoto apige kisigino chini mara mbili tatu, huku ncha ya bapa imeinuliwa, ili kisigino kirudi nyuma kabisa kwenye nafasi yake. Kisigino kikikaa mahali pake, buti linahitaji kukazwa kidogo kuliko unavyodhani.

Pili, kaa vizuri. Fungia viatu ndani, penye joto, si nje kando ya barafu. Pasha mikono kwanza. Hata kuiweka kwapani kwa dakika mbili kunasaidia. Keti kwenye benchi la chini, mguu wa mtoto uwe kati ya magoti yako, bapa likiwa limefunikwa kwa kifuniko chake ili lisikukate. Mikono ikiwa karibu na kifua na mgongo umenyooka, nguvu inatoka mabegani. Ukiinama na kunyoosha mikono mbali, nguvu inatoka vidoleni, na hapo umerudi kwenye shida ile ile.

Tatu, vuta kwenye mpishano. Anza chini, panda juu, mpishano mmoja baada ya mwingine. Kama una kikulabu, kitumie. Kama huna, ingiza vidole viwili vilivyopinda chini ya kamba na kuvuta nje, upande wa kushoto na wa kulia, wala si juu. Kamba ilale kwenye pingili ya kati ya kidole, penye ngozi ngumu, isikae kwenye ncha wala kwenye kiungo. Ukihitaji kushika ncha ndefu, ibane kiganjani kwa ngumi. Usiizungushe kidoleni. Glavu nyembamba za kazi zenye mpira kiganjani, zile za bustani, hufanya kazi nzuri kuliko glavu nene za baridi ambazo hazishiki kitu. Asiye na glavu anaweza kuzungushia kidole cha shahada na cha kati utepe wa kitambaa, ule ule ambao wachezaji wa hoki huuviringisha kwenye magongo yao.

Nne, zuia kamba isirudi. Mahali matundu yanapoishia na vindoano kuanza, au mguu unapokunja kama kiatu kina matundu matupu, pitisha ncha moja juu ya nyingine mara mbili badala ya moja kabla ya kuendelea. Mzunguko huo wa ziada hushika mkazo wa chini, na mikono yako inakuwa huru kufanya kazi ya juu. Bila huo, unavuta juu huku ukizuia chini, na vidole vinabeba mizigo miwili kwa pamoja.

Tano, na hili ndilo linalookoa vidole kuliko kulabu na glavu: usikaze kila mahali. Wageni wengi hudhani kiatu salama ni kilichokazwa sawasawa kutoka chini hadi juu, kwa nguvu zote. Sivyo. Kwenye vidole vya mguu kamba ikae kwa utulivu tu, vidole vichezecheze, vinginevyo damu haipiti na mguu unapata baridi. Juu kabisa, penye ugoko, iachwe na nafasi ya kuingiza kidole kimoja, ili goti liweze kukunjwa. Mtelezaji asiyeweza kukunja goti huanguka kinyumenyume. Mahali pa kukaza kweli ni pamoja: pale mguu unapokunja, kati ya mgongo wa unyayo na kifundo. Ni mipishano miwili au mitatu tu. Ukikaza hapo, kisigino hakiinuki, na kazi ya kiatu imekamilika.

Nilipomfafanulia shangazi jambo hili sikuwa na neno zuri, mpaka nilipokumbuka somo la fonolojia. Katika Kiswahili mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ki-ta-BU-ni, si KI-TA-BU-NI. Mtu akikazia kila silabi, hasikiki kuwa na nguvu zaidi. Anasikika kama anayegomba, na maana inapotea. Nikamwambia kiatu nacho kina silabi ya mkazo. Alielewa mara moja, kwa sababu yeye ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na humtambua mgeni kwa mahali anapoweka mkazo kabla hajamaliza sentensi. Tangu siku hiyo alipofunga viatu alihesabu kwa sauti: “Taratibu, taratibu, hapa! hapa! taratibu.” Mivuto 7 ya nguvu kwa kila kiatu ikawa 3. Kwa watoto watano ni mivuto 30 badala ya 70. Hakuna mafuta ya ngozi yanayoweza kufanya kazi kama hesabu hiyo.

Mafuta nayo yana nafasi yake, maana vidole vilivyokwisha kupasuka havingoji mbinu. Kila usiku alipaka mafuta mazito ya mgando kwenye ncha za vidole, akavaa glavu za pamba na kulala nazo. Asubuhi ya siku ya kuteleza hakupaka, kwa sababu mkono wenye mafuta huteleza kwenye kamba na kulazimika kubana zaidi. Mpasuko uliobaki wazi aliufunika kwa plasta kabla ya kutoka nyumbani. Kucha alizikata fupi. Baada ya majuma matatu mipasuko mingi ilifunga. Niseme pia kwamba si kila maumivu ya vidole ni ya kamba. Mtu ambaye vidole vyake hupauka na kufa ganzi kila vikipata baridi kidogo, kisha huwaka vikirudi kwenye joto, amwone daktari.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Nitamjibu kwamba barafu imekwisha kufika kwetu. Mwaka 2005 uwanja wa kuteleza ulifunguliwa ndani ya hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, na hapo ndipo vijana wa Kenya walipojifunza hoki ya barafu mpaka wakaunda timu, Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 baadhi yao walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wakubwa wa mchezo huo, na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Vijana hao nao walianza na kamba mkononi. Zaidi ya hao, wapo Warundi, Wakongo, Wanyarwanda, Wakenya na Watanzania wengi walioko Kanada, Marekani na nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambao watoto wao hurudi kutoka shule na karatasi isemayo: juma lijalo tunakwenda kuteleza, tunaomba wazazi waje kusaidia. Karatasi hiyo haielezi jinsi ya kufunga. Imeandikwa kwa mzazi ambaye alifungwa viatu na mama yake, naye mama alifungwa na mama yake.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo. Elimu ya mkono haiandikwi mara nyingi, kwa sababu wenyeji hawaijui kuwa ni elimu. Kwao ni kama kupumua. Mgeni akiikosa, huonekana mzembe au asiyejali, kumbe hajaambiwa. Shangazi karibu aliacha kwenda uwanjani, na sababu isingejulikana kwa mtu yeyote pale. Mwalimu angedhani hana nafasi. Wazazi wengine wangedhani hapendi. Mtoto wake angekaa kwenye benchi akifungiwa viatu na mikono ya watu wengine, na angelijifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha, kwamba watu wa nyumbani kwao hawafiki pale.

Tena, elimu hiyo ilihitaji maneno. Mzee yule wa Kanada alionyesha kwa mikono, babu alieleza kwa lugha ya nyavu, na sisi tulilazimika kuvipatanisha jikoni. Tulitafuta majina. Matundu yalikuwa na jina, ulimi wa kiatu ulikuwa na jina, kulabu ilikuwepo. Kwa mahali kamba zinapopishana tulisema mpishano, na kwa ule mzunguko wa ziada shangazi alisema kizuizi. Sijui kama wanaleksikografia watatukubalia. Ninachojua ni kwamba baada ya majina hayo kupatikana, mama mmoja Mkongo kutoka Uvira, jirani wa shangazi, aliweza kufundishwa kwa simu, bila kuona, akiwa na kiatu cha mwanawe mapajani. Alipomaliza alisema: “Sasa nimefunga, na vidole vyangu viko vyote.”

Shangazi alirudi uwanjani wiki ya pili ya Februari, akiwa na kikulabu mfukoni mwa kitenge. Siku hiyo alifunga viatu vya watoto saba. Mtoto mmoja asiyekuwa wake alimwuliza kwa nini anahesabu kwa maneno ya ajabu, naye akamfundisha kusema taratibu. Mwisho wa Machi benchi lote lilikuwa likisema taratibu, taratibu, hapa, na wazazi wawili walikuwa wamenunua vikulabu vyao.

Kuhusu binamu yangu, kikulabu kilimpa nguvu ambayo vidole vyake havikuwa nayo. Kabla sijaondoka Aprili alikuwa anaweza kujifungia kiatu cha kushoto peke yake, na cha kulia kwa msaada kidogo. Nilimwuliza shangazi kama ataendelea kwenda, maana karibu hatahitajika tena. Alikuwa anakunja nguo za watoto na hakuinua macho. “Nitaenda,” alisema. “Atakayejifunga mwenyewe naye anataka mtu wa kumtazama akijifunga.”